Je, Mtoto wa Mgonjwa wa Akili Ataugua Naye? Somo la Urithi na la Hesabu

Kila mwaka tunapofika katika somo la urithi, baada ya kusoma habari za mbaazi za Mendel na za ugonjwa wa selimundu, hutokea mwanafunzi akauliza swali ambalo halimo katika kitabu: "Mwalimu, je, wazimu nao hurithiwa?" Darasa hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Hunyamaza kwa kuwa wengi wanamjua mtu: mjomba, jirani, au hata mzazi.

Swali hili si la mchezo. Hapa petu Chekereni, kama katika vijiji vingine vya Moshi, watu huulizana habari za ukoo kabla ya kuoa au kuozesha, na neno moja la kunong'onezwa laweza kuvunja uchumba. Shuleni nako, mtoto ambaye mama yake ameonekana akisema peke yake barabarani huchekwa, na akikosea hesabu huambiwa, "Si ajabu, ni wa ukoo ule." Basi nimeona yafaa niandike somo hili katika gazeti letu, ili wanafunzi, walimu na wazazi tulisome pamoja. Atakayelisoma na awe na kalamu na karatasi karibu, kwa maana sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu.

UGONJWA WENYEWE

Maradhi ya akili ni mengi, nasi tutasema juu ya moja tu, liitwalo skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini mambo yasiyokuwapo, kama vile kwamba jirani anamfuatia ili amdhuru. Maneno yake huweza kukosa mpango, na mara nyingi hujitenga, asijali kuoga wala kula. Ugonjwa huu aghalabu huanza katika ujana, yaani katika miaka ya mwisho ya sekondari au baada ya hapo kidogo. Katika watu 100, karibu 1 huupata wakati fulani wa maisha yake.

Tangu miaka ya 1950 zimekuwapo dawa za kuutuliza. Hauondoki kwa kumfunga mgonjwa kamba, wala kwa kumpiga. Wagonjwa wengi wakitibiwa vema huweza kulima, kufanya biashara na kulea watoto. Hao watoto ndio habari yetu leo.

JE, HURITHIWA?

Zamani wataalamu walibishana. Wengine walisema mtoto wa mgonjwa huugua kwa sababu ya kulelewa na mgonjwa. Wengine walisema ni damu. Namna ya kukata shauri ni kuwatazama watoto waliozaliwa na mama mgonjwa lakini wakalelewa na watu wengine. Mwaka 1966 Dkt. Leonard Heston wa Marekani alitoa habari za watoto 47 wa namna hiyo. Mama zao walikuwa wagonjwa katika hospitali za akili, nao walitengwa na mama zao katika siku 3 za kwanza za maisha. Akawalinganisha na watoto wengine 50 waliotengwa vivyo hivyo, ila mama zao hawakuwa na ugonjwa. Walipokuwa watu wazima, 5 katika wale 47 walikuwa na skizofrenia. Katika wale 50, hapakuwa na hata mmoja.

Kwa hiyo urithi upo, na anayekataa kabisa amekosea. Lakini tazama tena hesabu hiyo: katika 47, waliougua ni 5. Waliobaki ni 42.

Huko Denmark serikali huandika habari za kila raia na za kila mgonjwa, na mwaka 2010 wataalamu walitoa hesabu kubwa iliyotokana na maandishi hayo. Walihesabu mpaka umri wa miaka 52. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawana skizofrenia: wanaougua hawafiki hata 1 katika 100. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa: 7 katika 100. Mtoto ambaye wazazi wote wawili ni wagonjwa: 27 katika 100. Kwa hiyo hata huyu wa mwisho, ambaye hatari yake ni kubwa kuliko wote, ana nafasi kubwa zaidi ya kutougua skizofrenia kuliko ya kuugua.

Kwa nini basi urithi huu haufuati zile kanuni rahisi za Mendel? Kwa sababu hakuna chembe moja ya urithi, yaani jeni moja, iletayo ugonjwa huu. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitaja sehemu 287 katika chembe za urithi zinazohusika nao, na nyingi katika hizo huongeza hatari kwa kiasi kidogo sana. Kila mmoja wetu, mwalimu na mwanafunzi, anazo baadhi yake.

Tena urithi si peke yake. Watu waliotungwa mimba wakati njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945 ilipokuwa kali waliugua karibu mara mbili ya wenzao. Taabu wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, na uvutaji mwingi wa bangi katika ujana huongeza hatari pia. Mkulima wa mpunga wa hapa hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, ameona mbegu za gunia moja zikipandwa katika majaruba mawili. Jaruba lililo karibu na mfereji hustawi; lililo mwishoni, maji yasipofika, hukauka. Mbegu ni ile ile. Wala jaruba lililokauka halimpi mtu ruhusa ya kusema kwamba gunia zima ni bovu.

JINSI WATOTO WALIVYOPIMWA

Kwa kuwa ugonjwa huanza ujanani, wataalamu walijiuliza: je, zipo dalili katika utoto, kabla haujaja? Kama zipo, labda mtoto angeweza kusaidiwa mapema. Mwaka 1962, mjini Copenhagen, Sarnoff Mednick wa Marekani na Fini Schulsinger wa Denmark walianza kuwafuatilia watoto 207 wa mama wenye skizofrenia kali, pamoja na watoto 104 wa kulinganisha nao. Mwaka 1971 mtaalamu wa urithi, Bibi L. Erlenmeyer-Kimling, akaanza kazi kama hiyo mjini New York kwa watoto wenye umri wa miaka 7 hadi 12.

Watoto wa New York walipimwa mambo matatu hasa. La kwanza ni umakini. Mtoto huketi akaonyeshwa alama au tarakimu moja baada ya nyingine, upesi upesi, naye hutakiwa kuitikia pale tu aonapo ile aliyoagizwa, asichoke wala asikosee. La pili ni kumbukumbu ya maneno na tarakimu. Ukitaka kujua kipimo cha namna hii kilivyo, mwombe mwenzako akusomee polepole: 4, 9, 1, 7. Zirudie. Kisha: 8, 3, 6, 2, 9. Kisha: 7, 1, 5, 8, 4, 6. Kila mara tarakimu huongezeka mpaka utakaposhindwa. La tatu ni ustadi wa viungo: namna mtoto anavyoruka, anavyosimama kwa mguu mmoja na kutumia mikono yake.

Hakuna lolote katika hayo linalomuuliza mtoto juu ya sauti au juu ya hofu. Yanapima kazi ya kawaida ya ubongo, ile ile mnayoitumia darasani.

Kisha wataalamu wakangoja. Watoto wakakua, na mwaka 2000 matokeo yakachapishwa. Miongoni mwa watoto 79 wa wazazi wenye skizofrenia, 12 waliugua ugonjwa huo au maradhi ya jamii yake. Wataalamu walifungua tena majibu ya utotoni wakaona kwamba kipimo cha kumbukumbu kilikuwa kimewaonyesha 83 katika kila 100 ya hao waliougua. Cha viungo, 75 katika 100. Cha umakini, 58 katika 100. Mtu asomaye upesi atashangilia: "Kumbe tunaweza kuwajua mapema!" Ndipo hapa nataka mshike kalamu.

HESABU YENYEWE

Kipimo kina makosa ya namna mbili. Kosa la kwanza ni kumwacha atakayeugua. Kosa la pili ni kumtia alama asiyekuja kuugua. Katika New York kipimo cha kumbukumbu kiliwatia alama 28 katika kila 100 ya watoto wa wagonjwa ambao hawakuja kuugua.

Haya, tuhesabu. Watoto ni 79. Waliougua ni 12, wasiougua ni 67.

Asilimia 83 ya 12 ni 10. Basi kipimo kiliwaona 10, kikawaacha 2.

Asilimia 28 ya 67 ni 19. Basi watoto 19 wasio na ugonjwa walitiwa alama bure.

Jumla ya waliotiwa alama ni 10 na 19, yaani 29. Katika hao 29, waliougua ni 10 tu. Waliobaki, 19, hawakuugua. Nao ni karibu theluthi mbili.

Fikiri sasa kama siku ile ya kipimo mwalimu angaliandika orodha ya majina 29 akaibandika ukutani. Watoto 19 wangalikua chini ya jina wasilostahili. Wangalichekwa, wangaliogopwa, wangalikosa wachumba. Pengine wazazi wangaliona hasara kuwalipia masomo. Na wale wawili walioachwa wangaliambiwa wako salama, na ugonjwa ulipokuja hakuna ambaye angaliutazamia.

Hii ndiyo maana ya somo langu. Vipimo hivi ni vya kweli, na vimewafundisha wataalamu jambo kubwa: kwamba ugonjwa huu una mizizi katika ukuaji wa ubongo tangu utotoni, wala si laana iliyomwangukia kijana ghafula. Lakini kipimo kinachofaa kulieleza kundi hakifai kumhukumu mtoto mmoja. Madaktari hawakitumii kumwambia mtoto kwamba atakuwa na skizofrenia, na hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kusema hivyo pia.

Kwetu sisi liko jambo jingine la kuongeza. Mtoto huweza kushindwa kurudia tarakimu kwa sababu nyingi: amekuja shule bila kula, hakulala, hasikii vizuri, au anaulizwa kwa lugha asiyoizoea. Huko Kilifi, Kenya, wataalamu wameonyesha kwamba malaria kali ya kupanda kichwani huweza kumwachia mtoto upungufu wa kumbukumbu na wa lugha. Wataalamu wa huko huko walilazimika kutengeneza vipimo vinavyowafaa watoto wa pwani, kwa sababu vile vya Ulaya na Marekani viliwauliza juu ya vitu wasivyoviona nyumbani kwao. Basi mwalimu akiona mtoto wa mgonjwa hana umakini, na aanze kuuliza amekula nini na amelala wapi.

KUTOKA COPENHAGEN HADI KILIMANJARO

Yule Fini Schulsinger wa Copenhagen jina lake limeandikwa pia katika habari za mkoa wetu. Katika miaka ya 1980 Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Denmark, iliendesha mpango wa taifa wa afya ya akili. Mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa miwili: Kilimanjaro na Morogoro. Mwaka 1991 ripoti ya mpango huo ilichapishwa, na walioiandika ni Schulsinger na mwenzake Assen Jablensky.

Mpango huo haukuja kuwapima watoto na kuwatia alama. Ulikuja kufundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, ili mgonjwa wa akili atibiwe karibu na kwao bila kupelekwa mbali kwenye hospitali kubwa kama Mirembe ya Dodoma. Kwangu mimi hapa pana fundisho. Mtu aliyeanza kuwafuatilia watoto wa wagonjwa tangu 1962 ndiye aliyeandika juu ya dawa na mhudumu aliye karibu. Ukitaka kumsaidia mtoto wa mgonjwa, anza kwa kumtibu mzazi wake.

Utafiti haujakoma. Denmark yenyewe ilianza kuwafuatilia watoto wengine 522 wenye umri wa miaka 7, baadhi wakiwa wa wazazi wenye skizofrenia, nao wanatafuta pia nini humfanya mtoto abaki imara. Afrika nayo imeingia kazini. Katika utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis, maelfu ya watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, wagonjwa na wazima, walitoa mate yao ili chembe zao za urithi zichunguzwe. Kazi hiyo ilihitajiwa sana, kwa maana elimu tuliyokuwa nayo ilitokana zaidi na watu wenye asili ya Ulaya. Na hapa Tanzania, huko Muhimbili na Mbeya, palifanywa jaribio lililoitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ambapo mgonjwa na ndugu zake walifundishwa pamoja habari za ugonjwa na namna ya kuishi nao.

TUFANYEJE?

Kwa mwanafunzi ambaye mzazi wake ni mgonjwa nasema hivi. Ugonjwa wa mzazi wako haukuletwa na kosa lako wala na kosa lake. Katika watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa, 93 hawaugui skizofrenia. Usivute bangi, kwako wewe ni hatari kuliko kwa mwenzako. Lala vya kutosha. Ukianza kusikia sauti, au ukiona kila mtu anakusema, mwambie mwalimu au mzazi siku ile ile, usione haya. Wanaotibiwa mapema hupata nafuu kuliko wanaocheleweshwa.

Kwa wanafunzi wengine: msicheke. Ninyi mnaomwita mwenzenu "wa ukoo ule" hamjui chembe ngapi za namna hiyo mnazo ninyi wenyewe. Tena wagonjwa wengi wa skizofrenia hawana mzazi hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa huo.

Kwa walimu wenzangu: mwanafunzi aliyekuwa mwema akabadilika ghafula, akajitenga na alama zake zikaanguka, asikimbiliwe na fimbo. Aulizwe kwa upole. Akihitaji, apelekwe kituo cha afya, na kutoka huko huweza kuelekezwa KCMC, ambako ipo idara ya magonjwa ya akili.

Kwa wazazi: kabla ya kuvunja uchumba kwa neno la kunong'onezwa, pigeni hesabu hii kwanza. Na mgonjwa aliye nyumbani asifichwe wala asifungwe. Apewe dawa zake, na watoto wake waende shule.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kipimo cha umakini kilionyesha asilimia 58 ya wale 12 waliougua, kikawatia alama bure asilimia 18 ya wale 67. Je, waliotiwa alama ni wangapi kwa jumla, na waliougua kati yao ni wangapi?

2. Kipimo cha viungo kilionyesha asilimia 75 ya wale 12, kikawatia alama bure asilimia 27 ya wale 67. Ni sehemu gani ya waliotiwa alama iliyougua kweli?

3. Tuchukulie kwamba shule ina wanafunzi 1,000, na kwamba 10 kati yao wataugua. Mtu akiwapima wote kumbukumbu, na kipimo kikawa na uhodari ule ule na makosa yale yale, ataandika majina mangapi? Katika majina hayo, yaliyo ya kweli ni mangapi? Je, ungependa jina lako liwemo katika orodha hiyo? Eleza kwa nini.

Majibu ya hesabu: (1) Waliotiwa alama 19, waliougua 7. (2) 9 katika 27, yaani theluthi moja. (3) Majina 285, ya kweli 8. Jibu la swali la mwisho kila mtu alitafute mwenyewe, kisha alizungumze na wazazi wake nyumbani.